Redio ya Mama Mukwe

Batoto bangu, juzi muliniburuta mpaka sokoni Baraka niwachagulie televisheni. "Babu, we uliuza redio zamani, unajua hivi vitu, na pesa yetu ni kidogo." Kufika, mukasimama mbele ya ile pana kuliko mulango, midomo wazi. Mi nikauliza jambo moja tu: umeme wa kuiwasha utatoka wapi? Mukacheka. Mukasema, "Aa, babu, hiyo tutaona mbele." Nikaenda kuketi juu ya gunia la mchele. Hayo maneno, "tutaona mbele," nimeyasikia miaka yote ya kazi yangu, na karibu kila mara huko mbele nilikuta balaa.

Basi leo ketini niwaambie. Mwenye usingizi alale, mi nitaendelea na bengine.

Mi ni muntu wa wasiwasi. Nimezaliwa hivyo. Mama yangu alisema hata kunyonya nilinyonya kwa haraka, nikiogopa maziwa yataisha. Muntu wa namna hiyo hafai kukaa ndani ya mutumbwi, na baba alikuwa muvuvi, basi akachoka nami akanipeleka kwa Muzee Saidi, Muislamu mwenzetu aliyekuwa na duka hapa Baraka. Ilikuwa wakati wa Babelgiji. Muzee Saidi aliuza chumvi, vitenge, taa na majembe, na nyuma ya meza, juu ya kabati, chini ya kitambaa cheupe, aliuza redio. Televisheni hatukuisikia hata jina. Redio ndiyo ilikuwa ajabu, na muntu aliuza pamba yake ya mwaka muzima apate moja.

Umeme hapakuwa. Redio zilikula batri kavu, nzito, kubwa kama tofali, imefungwa kwa karatasi na nta. Ikiisha imeisha, unaitupa. Ingine inatoka Uvira kwa mashua, na inafika siku itakayopenda yenyewe. Muzee Saidi alinifundisha mapema: "Amisi, redio ni mudomo, batri ni tumbo. Muntu akiingia, usimuulize iko na pesa ngapi, utamupatisha haya. Muulize nyumba yake iko wapi, na nani atasikiliza."

Na bantu balichagua vibaya, jamani! Mama mumoja muuza ndagala, samaki badogo ba ziwa, alikuja saa sita muchana. "Washa niisikie." Nikawasha, ikasema Kifaransa. Akatikisa kichwa. "Hii imesoma sana. Nipatie ile ya Kiswahili." Nikamuambia, mama, ni hii hii, ngoja saa yake. "We mutoto, unataka kuniuzia kasuku wa Bazungu?" Akatoka amekasirika. Jioni akarudi, ile ile redio ikasema Kiswahili, mama akapiga makofi. "Ndiyo hii! Muchana uliificha wapi?" Aliinunua, na mpaka kufa kwake aliamini kwamba nilikuwa na redio mbili na nilitaka kumupatia ile mbaya. Kwa hiyo mukienda kupima kitu, pimeni saa ile mutakitumia nyumbani.

Lakini niliyetaka kuwaambia ni Asukulu.

Asukulu alikuwa mulimaji wa pamba kutoka juu mulimani, upande wa Fizi. Kijana wa mabega, maneno machache. Aliingia dukani pesa imefungwa ndani ya leso na leso imefichwa ndani ya kofia. Akaiweka mezani, akabaki anaangalia chini.

"Ndugu, nataka redio. Inipeleke mpaka Jumapili, siku ya Mungu hii inayokuja. Isipofika, mi nimekufa."

Mi sipendi muteja anayesema kufa. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa: nyumba iko wapi, na nani atasikiliza?

"Mama mukwe," akasema, na kwa kulitaja tu lile neno akageuza uso ukutani.

Nyinyi adabu ile hamuijui tena, naona munakula sahani moja na bakwe zenu. Zamani mwanaume na mama wa muke wake habakuonana. Akija kwa njia hii, we unaingia majanini. Humutaji jina, humuangalii usoni, huketi naye baraza moja, na paa la nyumba yake huligusi hata likivuja. Haikuwa chuki. Ni heshima, na bantu ba mulimani baliishika kwa mikono miwili.

Asukulu akanieleza huku anaongea na ukuta. Alitaka kumuoa Faila. Mbuzi zote zilishafika, baba yake, Muzee Wilondja, alishakubali na pombe ya kukubali alishaikunywa. Mama ndiye alikataa. Mutoto wake wa kwanza, Mulasi, alikwenda Katanga kutafuta kazi ya shaba, miaka ikapita, hakurudisha hata neno. Siku ya kumaliza mahari mama akasimama mbele ya ukoo bote akasema: "Mutoto mumoja alitokea mulango huu, na mi sijui kama iko anakula ao udongo ulimukula. Wa pili hatoki mpaka nisikie wa kwanza iko muzima." Katekista alikuja kumubembeleza, akaondoka hata bila kupewa maji.

Kisha muntu mumoja akarudi kutoka Katanga na habari: Mulasi iko, na ameomba jina lake lisomwe kwenye salamu za redio, siku ya Mungu jioni, kwa Kiswahili. Mara moja tu. Mama akasema habari ya mudomo wa muntu haimutoshi, mpaka asikie na masikio yake. Pale kijijini hakuna aliyekuwa na redio. Za Fizi zilikuwa ndani ya nyumba za Bazungu, na barazani kwao muntu mweusi hakuketi.

Sasa muone taabu yangu. Juu ya kabati zilikuwa redio mbili. Ya kwanza kubwa, ya mbao, inang'aa mpaka unajiona, kitambaa cha mbele rangi ya dhahabu. Lakini batri yake tulikuwa tumeshaichezesha miezi tukiwaonyesha bateja, na pesa ya Asukulu ingefika kwa ile redio na ile batri iliyochoka, basi. Ya pili ndogo, ya chuma, rangi imebambuka, uso mubaya kabisa. Ile, pesa ingetosha pamoja na batri mupya na waya murefu wa antene.

Asukulu alishaweka mukono juu ya kubwa. "Mukwe anapeleka kitu cha kuonekana. Nikipeleka ile sufuria, ukoo batanicheka mpaka batoto bangu."

Nikamuangalia Muzee Saidi. Kwa kuuza kubwa angepata faida zaidi, mi nilijua na yeye alijua. Alikuwa anavuta tasbihi, ananitazama tu. Nikasema, "Ndugu, mama mukwe anataka kuona, ao anataka kusikia?"

Hakuondoa mukono. Bateja bawili baliingia, bakanunua chumvi, bakatoka, naye bado anaiangalia ile kubwa.

"Kusikia," akasema. Akaondoa mukono.

Kabla ya kufunga muzigo nilimufundisha kuitafuta redio ya Katanga, maana ile stesheni ilikuwa nyembamba, ukipumua tu imepotea. Nilimuambia afunge macho, afuate kwa masikio: kwanza utasikia muluzi, kisha sauti kama mafuta yanakaanga, ukisogeza kidogo sana ndiyo Katanga. Alijaribu mpaka vidole vikazoea. Muzee Saidi naye alikuwa na sheria yake: redio inayopanda mulima, aliyeiuza anapanda nayo, anafunga waya, anarudi. Isipokuwa hivyo itarudishwa wiki ijayo na matusi juu. Kwa hiyo na mimi nikapanda.

Tulipata kamio, lori iliyokuwa inaenda kuchukua pamba. Batri niliishika mapajani, imefungwa ndani ya ngozi ya mbuzi, maana ikiingia maji ni takataka. Pale daraja la Mutambala mbao zilikuwa zinacheza, nikafumba macho na kusoma dua zote ninazozijua. Kwenye kona za mulima mvua ikatushika. Nikavua shati nikaifunika batri, mi nikabaki nalowa na kutetemeka. Asukulu akaniambia, "Ndugu Amisi, utapata homa." Nikamujibu homa inapona, batri haiponi.

Tulifika Jumamosi, jua limepanda. Muzee Wilondja alikuwa muntu wa furaha, tumbo mbele, kicheko kabla ya salamu. Kuku alipoletwa, akanipatia kisu nichinje mwenyewe, kwa kuwa mi Muislamu. Niliona ni muntu mwema sana, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulianza, sababu bantu bema ndio bagumu kukatazwa. Asukulu aliketi mbali, kwenye ukingo wa kiwanja karibu na gala ya mahindi. Mama mukwe alikuwa ndani ya jikoni. Nilisikia tu sauti yake inauliza, "Imefika? Inapumua?"

Nilipanda paa la nyasi mimi mwenyewe, kwa sababu ni nyumba ya mama mukwe, nikasimamisha muanzi murefu na kufunga waya. Nikaiweka redio ukingoni mwa baraza, pale paa halifiki, nikawasha. Ikasema. Bamama bakapiga vigelegele. Nikazima haraka.

"Eh! Unaziba nini?" Muzee Wilondja akauliza.

"Muzee, tutunze batri mpaka kesho."

"Kwani inakula?"

"Inakula, muzee."

"Basi chakula chake si kimelipwa? Washa! Majirani bamekuja."

Mungesema nini? Mi kijana, mugeni, nimekula kuku wake. Nikawasha. Rumba za Léopoldville zikalia, bantu bakacheza mpaka vumbi likapanda. Muzee mumoja akamuuliza yule anayesoma habari bei ya pamba mwaka ujao, akangoja jibu, akauliza tena, kisha akatangaza kwamba yule bwana hana adabu. Bote bakacheka. Mi sikuweza kucheka. Kila wimbo uliokuwa unalia niliuona unatafuna tofali lile kwa meno. Kuingia kwa giza nikamuomba Muzee Wilondja mara ya tatu. Akacheka, akasema, "Sawa, muoga wetu, lala. Nitaifunga mwenyewe."

Asubuhi nilikwenda kuiangalia kabla ya kunawa uso. Redio ilikuwa kimya. Nikaigusa mugongo, nikakuta joto. Redio ile ilikuwa na vifungo vitatu, kimoja cha kutafuta stesheni, kimoja cha sauti, kingine cha kuzima. Muzee Wilondja alikuwa ameshusha sauti mpaka mwisho, akaona imenyamaza, akaenda kulala. Imefungwa mudomo, lakini tumbo liliendelea kula.

Nikapandisha sauti. Ilitoka sauti ya muntu aliye chini ya kisima.

Asukulu alikuwa anasimama pale kwenye gala. Aliona uso wangu tu. Akaketi chini polepole, akashika kichwa. Muzee Wilondja akaja, akaelewa, furaha yote ikamutoka. Akawa anasema, "Niliifunga mimi, si niliifunga?" mpaka nikamuhurumia.

Sasa sikilizeni, hii ni kazi yenyewe. Batri kavu iliyochoka, ukiipumzisha na kuipatia joto, inarudisha nguvu kidogo. Si nyingi, na si kwa muda murefu. Dawa ni jua, lakini siku ile mawingu yalikuwa yamelalia mulima. Nikaichomoa, nikaipeleka mulangoni mwa jikoni, nikamuambia mama mukwe ukweli wote. Alikuwa mama mwembamba, macho makavu. Hakumulaumu bwana wake, hakunilaumu mimi. Akauliza, "Joto namna gani?"

"Kama la mutoto mwenye homa, mama. Likizidi, nta itayeyuka na itakufa kabisa."

"Hilo ninalijua," akasema.

Akaifunga ndani ya kitenge, akaketi kando ya jiko, akaipakata. Alishinda nayo pale. Bengine balikwenda misa, yeye hakwenda. Kila mara anaigeuza, anaigusa kwa shavu, akiona joto limezidi anasogea nyuma. Bugali aliletewa hakula. Mi nilizunguka kiwanja kama kuku anayetaka kutaga. Nilikuwa najiuliza nitamuambia nini Muzee Saidi, nitamuambia nini yule Asukulu aliyeacha redio nzuri kwa neno langu.

Saa ikakaribia. Nikaunganisha batri, nikawasha. Sauti ikatoka, ndogo sana. Ukiketi hatua mbili hupati kitu, ila ukibandika sikio kwenye kitambaa cha mbele ya redio, unasikia. Nikaitafuta Katanga, nikaipata. Mama mukwe akapiga magoti pale ukingoni mwa baraza, akaweka sikio. Majirani bote kimya, hata batoto balizibwa midomo.

Hapo upepo ukaja. Ule upepo wa mulimani unaotangulia mvua. Nikasikia muanzi unalia juu, nikasema moyoni, ewe Mola, si sasa. Ukavunjika. Waya ukaanguka nyuma ya nyumba, na redio ikabaki na mafuta yake yanayokaanga tu.

Sikufikiri. Nikapanda paa, nikauvuta waya, nikaunyanyua kwa mukono juu ya kichwa, nimesimama juu ya nyasi zinazoteleza. "Inasema?" nikapiga kelele.

"Inasema, inakimbia!" Muzee Wilondja akajibu. "Inakuja, inakimbia!"

Ni kweli, batri ikichoka stesheni haikai, lazima muntu aifuate na kifungo muda wote. Mi nikiachia waya, hakuna sauti. Muzee Wilondja alijaribu, akaipoteza. Pale kiwanjani muntu mwingine mumoja tu ndiye aliyeijua njia.

"Asukulu!" nikaita. "Kuja ushike kifungo!"

Asukulu akasimama, hakusogea. Nilimuona kutoka juu, uso umekuwa jivu. Bamama bazee bakashika vifua. Mumoja akasema, "Mukwe na mama mukwe kichwa kwa kichwa? Mbele ya bantu?" Muzee Wilondja akasema haiwezekani, kwanza ilipwe mbuzi ya haya, kisha ukoo uketi, kisha... Na huku salamu zilishaanza kusomwa! Nilitaka kulia. Mama akiondoka pale, hatasikia. Asukulu asipokwenda, hakuna cha kusikia.

Mama mukwe hakunyanyua sikio lake. Akavuta kile kitenge cha batri, akajifunika kichwa chote, na redio akaifunika pamoja naye, kikabaki nje kifungo cha kutafuta stesheni tu.

"Mumuambie akuje," akasema ndani ya nguo. "Mi simuoni."

Asukulu akavuka kiwanja. Alitembea kama muntu anayepita juu ya mayai. Akapiga magoti upande mwingine, akafumba macho, akaweka vidole kwenye kifungo, na kichwa chake kikainama mpaka kikagusa kile kitenge.

Mi huku juu sikusikia kitu. Nasikia upepo tu. Mukono unaniuma, mvua imeanza matone, miguu inateleza, na niliwaangalia bale bawili chini yangu habasogei. Nikaona vidole vya Asukulu vinakwenda kidogo, vinarudi kidogo. Muda ukapita. Nikasema basi, jina limeshapita, tumelikosa, binti huyu atazeeka ndani ya nyumba hii na dhambi ni yangu. Ndipo nikaona mukono wa mama unatoka chini ya nguo. Ukaanza kupiga udongo. Ukapiga tena, tena.

"Mulasi!" Sauti ile mpaka leo iko ndani ya masikio yangu. "Mulasi yangu! Anasema iko muzima! Anamusalimia mama yake!"

Kiwanja kikalipuka. Muzee Wilondja akaketi chini palepale na kulia kama mutoto. Batri ikakata roho, hata sikumbuki saa ngapi, hakuna aliyeiangalia tena. Lakini mama hakucheza na bengine. Aliinuka, akatoa kitenge kichwani, na mbele ya ukoo bote akamuangalia Asukulu usoni. Asukulu akataka kugeuka, akamushika kidevu, akamurudisha.

"Haya ya nini tena," akamuambia. "Tumesikia pamoja."

Akaingia ndani, akatoka amemushika Faila mukono, akauweka ndani ya mukono wa Asukulu.

"Mupeleke. Redio inabaki kwangu, mutaniletea batri. Na hata mukienda mbali namna gani, mutatuma majina yenu humu ndani. Mumesikia?"

Balisikia. Mvua ikaanza kushuka yenyewe, bantu bakakimbilia barazani bakiimba, na mimi bado nilikuwa juu ya paa, waya mukononi, nimelowa, nalia, na hakuna aliyekumbuka kuniambia nishuke.